Mchuna Ngozi wa Kemambo na Nyuzi za Damu

"Lete kisu, Tabitha!"

"Sikileti."

"Nimesema lete!"

"Na mimi nimesema sikileti! Ukikitaka sana, anza kunikata mimi hapa hapa!"

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Kemambo, wilayani Tarime. Taa ya sola inawaka kwa shida, inakaribia kuzima. Tabitha amebana mgongo ukutani, mikono ameirudisha nyuma, na nyuma huko ana kisu amekizungushia khanga. Mumewe, Waitara Nyamhanga, amekaa kwenye stuli anahangaika na buti la kushoto. La kulia ameshalivaa zamani. La kushoto mpaka ainame aangalie, maana mguu wenyewe haumwambii kama umeshaingia au bado.

Mlangoni yupo mtu wa tatu, Joram, kaka yake Waitara wa tumbo moja. Ana bucha hapo senta. Kila asubuhi anampitia mdogo wake na pikipiki, wanateremka pamoja machinjioni. Pikipiki ipo nje, hata hajaizima.

"Shemeji, usimfanye mdogo wangu mwanamke," anasema Joram.

"Nani kamfanya? Ugonjwa ndio umemfanya hivyo alivyo. Na vidonge vyako ndivyo vilitaka kumfanya marehemu!"

Hapo Joram anageuka anaangalia pikipiki yake kana kwamba imemwita.

Kelele yote hii ni kwa sababu leo Waitara anataka kurudi kazini. Ana miaka thelathini na nane, na tangu akiwa kijana kazi yake ni moja, kuchuna ng'ombe. Kidonda cha mkononi kimefunga juzi tu, bado chekundu. Mke anasema kisu basi, hatakishika tena. Kaka anasema mwanaume akikaa nyumbani anaoza. Waitara mwenyewe hajasema kitu zaidi ya "lete kisu", na kile anachotaka kukifanyia hajamwambia mtu.

Machinjio yenyewe usiifikirie kubwa. Ni sakafu ya saruji, nguzo nne, bati juu na mtaro unaoteremka mtoni. Kuchinja anachinja mzee mmoja wa msikitini. Anafika, anachinja, anafuta kisu chake, anaondoka zake. Baada ya hapo ng'ombe ni wa Waitara.

"Watu wanadhani kuchuna ni kisu," anasema. "Kuchuna ni ngumi. Unaingiza ngumi kati ya ngozi na nyama, unasukuma, ngozi inaachia yenyewe. Kisu unakitumia pale ngumi inapokataa."

Kisu chake alikirithi kwa baba yao. Kilifuliwa kwenye springi ya lori, kimenolewa miaka mingi mpaka kimekuwa chembamba kama jani la muhindi. Kwa ng'ombe mmoja analipwa shilingi elfu sita na kipande cha nyama, na siku za mnada anaweza kuchuna hata wanne. Ila ngozi ikitoboka, mnunuzi anaikunja na kuitupa pembeni, na lawama inamrudia mchunaji.

Waitara alikuwa hatoboi. Ukimuuliza mtu yeyote pale senta atakwambia hivyo hivyo, alikuwa hatoboi.

Mambo yalianzia kwenye jicho. Miaka minne iliyopita jicho la kulia liliingia ukungu, "kama mtu amepaka mafuta kwenye kioo halafu akakwambia angalia barabara," anasema. Akapewa dawa ya matone, haikusaidia. Wiki zikapita, ukungu ukaondoka wenyewe. Akasahau.

Ukaja mkono wa kushoto. Ulikuwa unalala, mara unachomwa chomwa kama umeingia kwenye siafu. Halafu mguu. Halafu kikaja kile ambacho mpaka leo kinamshinda kukieleza, uchovu.

"Naamka nimechoka kama nimelima. Nanawa uso, nachoka kwa kunawa uso. Nakaa kidogo nipumzike, nachoka kwa kukaa. Jua likiwa kali ndiyo kabisa, miguu inakuwa ya mtu mwingine."

Sasa hebu fikiria mtu wa namna hiyo anapita katikati ya senta saa nne asubuhi, anayumba, anashika kuta za maduka. Watu wakasema nini? Wakasema gongo. Waitara hanywi gongo, hajawahi. Vijana wakawa wanampigia mluzi, wanamwita mura, yaani kijana kwa Kikurya. "Mura, umeamkia wapi? Waachie na wengine!"

Wazee wakasema amelogwa. Tabitha naye alikuwa na lake. Yeye ni Msabato, amezaliwa na kulelewa Ringwani kule Serengeti, na kwao damu hailiwi. Kwa akina Nyamhanga damu inaliwa, inapikwa na maziwa, tena mgonjwa na mama aliyejifungua ndio wanaopewa kwanza. Tabitha akasema ugonjwa umetokea huko huko kwenye sufuria. Siku moja akaitoa nje sufuria ya damu na kumwagia migomba.

"Nilikuwa nimechanganyikiwa," anasema sasa. "Mtu unamwona mume wako anaisha, haumwi homa, hakohoi, haharishi. Utashika nini? Nilishika sufuria."

Wakazunguka hospitali. Malaria hakuna, sukari hakuna, ule ugonjwa mwingine ambao watu hawaupimi mpaka walazimishwe nao hakuna. Mwisho daktari mmoja kijana akamgongagonga magoti, akamwambia afumbe macho agusishe kidole kwenye pua, kidole kikaenda sikioni. Akaandikiwa aende Mwanza.

Mwanza ndiko alikokutana na Dk. Agustina, daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Akaingizwa kwenye mashine ya MRI, ile ya kulala ndani kama mkate kwenye tanuri. Majibu yakatoka. Ugonjwa unaitwa kwa kifupi MS. Huku kwetu hata jina la Kiswahili wanalolijua watu hauna, na Dk. Agustina anasema hao wagonjwa wapo, ila wengi wanaitwa walevi, wavivu au waliologwa mpaka wanakufa.

"Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za umeme," alimwambia. "Kila waya una ganda lake la juu. Kwako wewe, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na wadudu, imekosea adui. Inatafuna maganda ya nyaya zako mwenyewe."

Hakumdanganya kwamba kuna dawa ya kuumaliza. Ipo dripu ya kupunguza kasi, anachomwa kila baada ya miezi sita. Ndugu waliuza ndama wawili, dripu ya kwanza ikaingia.

Mwaka ulipopita akapigwa MRI nyingine. Hapo ndipo lilipotokea neno lililokuja kuleta balaa lote hili la kisu.

"Ubongo wako umepungua," Dk. Agustina alimwambia.

"Umepungua umekwenda wapi?"

Daktari akacheka kidogo, halafu akaacha. Akamweleza kwamba ubongo wa mwenye MS husinyaa haraka kuliko wa mtu asiyeumwa. Wake umesinyaa zaidi ya alivyotegemea. Ndiyo maana siku hizi anasahau, anaingia chumbani anasimama, hajui kafuata nini. Waitara akauliza kinachousinyaza ni nini.

"Hilo bado watu wanalitafuta," alisema daktari. "Wapo watafiti wanaopima zile protini za kugandisha damu. Kwenye baadhi ya wagonjwa wa MS wameona viwango vya protini hizo na kusinyaa kwa ubongo vinakwenda pamoja."

Unajua, mtu mwingine angeitikia tu "sawa daktari" akaondoka. Waitara alishtuka. Damu kuganda anaijua kwa mikono.

Kwao, ng'ombe akichinjwa, damu inakingwa kwenye beseni na inakorogwa hapo hapo ikiwa bado ina moto, kwa kijiti kirefu chenye panda tatu mwishoni. Usipokoroga inakuwa pande kama maini. Ukikoroga, kwenye zile panda zinaanza kujishika nyuzi, nyeupe nyeupe, zinavutika kama uzi wa mpira. Unazitoa unawatupia mbwa. Damu inayobaki haigandi tena, hata uiache mpaka jioni. Kazi hiyo kwa akina Nyamhanga ni ya mtoto wa kiume ambaye hajaenda jandoni. Waitara aliifanya akiwa mdogo, siku alipotahiriwa akakitundika kijiti, akapewa kisu.

Akamsimulia daktari. Daktari akasogeza kiti.

"Ndizo hizo hizo," alimwambia. "Hizo nyuzi ndizo zinazoshika damu isimwagike. Kwa mwenye MS zinaweza kuvuja zikaingia kwenye ubongo, na huko hazitakiwi."

Nje kulikuwa na foleni ndefu. Akaitwa mgonjwa mwingine. Waitara akapanda basi la Sirari akarudi kwao na picha moja tu kichwani, kijiti cha utotoni kimesimama katikati ya ubongo wake, nyuzi zinajishika.

Na hivyo ndivyo alivyowasimulia nyumbani.

"Kumbe!" Joram alipiga paja. "Sasa si dawa ni kukoroga?"

Yaani kwa watu waliokua wakikoroga damu, jibu lilikuwa mbele ya macho. Damu ina nyuzi, nyuzi zinaharibu ubongo, toa nyuzi. Na Joram alijua pa kuzitolea. Mama mkwe wake aliwahi kuganda damu mguuni, akapewa vidonge vya kuzuia damu kuganda, vingine vikabaki kabatini. Joram akavifuata. Hakuomba hata nauli.

"Nilimpenda mdogo wangu," anasema Joram, na sauti yake inashuka. "Wote walikuwa wanasema amelogwa, mimi nikasema hapana, mimi nina kitu cha hospitali. Nilijiona mjanja kuliko wote."

Waitara akameza, asubuhi na jioni. Anasema alijisikia hata nafuu, na pengine ni kweli alijisikia, mtu akipata tumaini anapata na nguvu. Ufizi ukaanza kutoka damu akipiga mswaki. Akasema ndizo nyuzi zinatoka hizo.

Halafu siku ya mnada, kwenye ng'ombe wa tatu, mkono wa kushoto ulilala. Alikuwa ameshikilia ngozi kwa mkono huo, anavuta, na kisu kinakuja kwa kulia. Mkono ukaachia bila kumwambia. Kisu kikapita chini ya kidole gumba.

Jeraha lenyewe halikuwa kubwa. Wachunaji wanajikata, wanafunga kitambaa, kazi inaendelea. Akafunga kitambaa, kikaloa. Akafunga kingine, nacho kikaloa. Akakaa chini kwenye saruji, akaiangalia damu yake inateremka na mtaro.

"Haikuganda," anasema. "Ya ng'ombe pembeni pale ilikuwa imeshakuwa pande. Ya kwangu inakwenda tu, inang'aa, kama iliyokorogwa. Nikajua. Nikamwambia Athanas, niite mke wangu."

Athanas ndiye mkaguzi wa nyama, ndiye anayepiga mihuri pale machinjioni. Hakuita mke. Alimkaza mkono kwa kamba ya kufungia ng'ombe, akampakiza kwenye gari la kwanza lililopita. Hospitalini walimpiga sindano, wakamwongezea chupa mbili za damu. Tabitha alikuta vile vidonge kwenye mfuko wa shati. Daktari wa zamu akaviangalia, akauliza nani amempa mchunaji dawa hizi.

Dk. Agustina alipopigiwa simu hakupiga kelele. Tabitha anasema ingekuwa afadhali angepiga. Alishusha pumzi ndefu, halafu akaanza kumweleza Waitara taratibu kama mtu aliyeeleza hilo hilo mara nyingi.

"Mzee Nyamhanga, umeshaona yangeyange, wale ndege weupe, wanamfuata ng'ombe malishoni?"

"Kila siku."

"Ukiwafukuza yangeyange, ng'ombe atanenepa?"

"Hapana."

"Basi. Watafiti wamewaona yangeyange na ng'ombe pamoja. Nani anamfuata nani, hawajui bado. Mtu asikupe dawa ya kitu ambacho hata wenye kazi hiyo hawajakimaliza. Na kosa lingine ni langu. Kabla hujatoka pale nilitakiwa nikwambie, nyuzi hizo unazihitaji."

Kwa hiyo dripu inaendelea, wakipata hela yake. Vidonge vimetupwa chooni. Na kinachobaki sasa ni swali lililowakusanya watatu hawa alfajiri hii: mtu ambaye mkono wake unaweza kulala wakati wowote, ashike kisu au asishike?

Tabitha jibu lake limefungwa kwenye khanga. "Mimi sijaolewa na kisu," anasema. "Alime hata mboga, akae hata bure. Nitauza maandazi."

Joram anaogopa kitu kingine. Anaogopa watu. "Akiacha kisu leo, kesho watasema si mnaona, tulisema ni mlevi. Baba alichuna mpaka anakufa."

Na Waitara? Waitara amechoka. Amechoka na mguu, amechoka na mkono, amechoka na kusimamiwa na watu wawili wanaompenda wanaopigiana kelele juu ya kichwa chake kama vile ameshakwenda. Kuna siku, anasema, alishindwa kulipata jina la mtoto wake. Alimwita "wewe". Precious ana miaka saba, aliitika tu.

"Ubongo ukisinyaa sijui utaanza kutupa nini nje," anasema. "Ningependa jina lake liwe la mwisho."

Lakini lipo jambo alilolikalia kimya. Wiki iliyopita Athanas alikuja kumwona na mkungu wa ndizi. Wakati wa kuondoka akamwambia, Waitara, ile damu yote inakwenda mtoni bure, na wafuga kuku wa Tarime mjini wanatafuta damu iliyokaushwa ya kuchanganya kwenye chakula. Nafasi ya kukaa ipo, chini ya bati, kivulini, karibu na beseni. Wewe ukoroge, uuze mbichi kwa wanaoipika, inayobaki uianike. Hakuna kusimama, hakuna kisu.

Kazi ya watoto. Kazi aliyoiacha siku ya jando, alipopakwa unga na kuimbiwa barabarani. Siku ile Waitara alimwambia tu asante kwa ndizi. Usiku akahesabu vichwa vya watu watakaocheka, akachoka kuhesabu, akalala.

Sasa taa ya sola imezima, na nje kumeanza kupambazuka.

"Mura, twende, kunakucha," anasema Joram. "Shemeji, mpe mtu kitu chake."

"Simpi!"

Buti limeingia. Waitara anashika ukuta, anasimama. Anamwendea mkewe polepole, mguu wa kushoto unaburuta vumbi, ananyoosha mkono wa kulia. Hapigi kelele tena.

"Lete, mama Precious."

Labda ni ile sauti. Tabitha analia, na huku analia anautoa mkono nyuma na kumpa, kisu na khanga yake. Waitara anafungua khanga, anaikunja vizuri anamrudishia. Kisu anakiangalia kidogo, anapitisha kidole gumba juu ya makali, kile kile chenye kovu. Halafu anakiweka mezani mbele ya kaka yake.

"Chukua."

"Nichukue nikifanyie nini?"

"Uchune. Baba alitufundisha wote wawili."

"Mimi nina bucha, Waitara!"

"Basi kiache hapo mpaka apatikane mwenye mkono."

Ananyoosha mkono juu, kwenye boriti, anapapasa. Vumbi linamwangukia usoni. Anakishusha kijiti chenye panda tatu, cheusi kwa moshi wa miaka, anakipangusa kwenye suruali.

Joram anakitazama kijiti, anamtazama mdogo wake.

"Hicho cha watoto."

"Ndiyo."

"Watu watacheka, mura."

"Walicheka nikiwa nimesimama na kisu. Sasa wacheke nikiwa nimekaa."

Tabitha anajifuta macho na ile khanga. Ameshaelewa, na kwa kuwa ameshaelewa ameshaanza upya.

"Na hiyo damu usiniletee humu ndani!"

"Ni ya chakula cha kuku, mama Precious."

"Hata ya kuku! Anikia huko huko!"

"Nitaanika huko huko."

Mpango wake ni huo, na anausema akiwa ameelekea mlangoni, anaongea na kizingiti zaidi kuliko na watu. Aanike mpaka mvua za vuli. Akipata wateja watano wa kudumu Tarime, hela ya dripu haitatoka tena kwenye ndama wa ndugu. Na jioni arudi akiwa bado ana nguvu ya kumuuliza Precious wamefundishwa nini shule, amwite kwa jina.

Anampita kaka yake. Pikipiki inaunguruma nje, haiangalii, ameamua kwenda kwa miguu, taratibu, kijiti kiwe mkongojo. Anatoka. Anauvuta mlango kwa mkono wa kushoto, mlango unagoma njiani, bati linakwaruza sakafu. Anasimama kidogo. Anahamisha kijiti, anaushika kwa mkono wa kulia, anauvuta tena, anaufunga.